Barua ya Wazi kwa Mafundi Bomba na Waashi wa Mji Mkongwe wa Unguja

Kwa ndugu zangu mafundi bomba, waashi, na wote wanaotia mkono katika nyumba kongwe za mji wetu.



Nawaandikia barua hii hadharani, wala si kwa faragha, kwa kuwa jambo lililomo si la nyumba moja wala la fundi mmoja, bali ni la kila ukuta wa mawe uliosimama baina ya Malindi na Vuga na baina ya Shangani na Mkunazini. Ni jambo la maji yapitayo mahali yasipoonekana: katika mabomba yaliyozikwa ukutani, katika koki zilizofunikwa kwa lipu, katika visima vilivyozibwa chini ya sakafu, na katika makaro ambayo walioyachimba wamekwisha kutangulia mbele ya haki bila ya kuacha alama. Ninayo maombi mawili kwenu, na yote mawili yamo katika uwezo wenu: kwamba mtafute kabla ya kuvunja, na kwamba mkishakiona mlichokuwa mkikitafuta, mkiandike.

Fundi kijana aingiapo leo katika nyumba zetu aghalabu huja na ujuzi alioupata katika nyumba za matofali ya saruji, ambamo ukuta hauzidi unene wa shibiri moja na bomba halina mahali pengi pa kujificha. Nyumba za Mji Mkongwe zina tabia nyingine. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo mwekundu, na unene wake mara nyingi hufika nusu mita na kuzidi. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba dari haziwezi kuvuka nafasi kubwa, na kwa hiyo upana wa chumba huwa mita tatu hivi, wala haupiti hapo sana. Katika ukuta mnene namna hiyo mtu anaweza kuficha bomba, na shubaka, na hata njia nzima ya choo cha orofani, akapiga chokaa juu yake, na mjukuu wake akalala ubavuni mwa ukuta huo maisha yake yote asijue kilicho ndani.

Tena nyumba hizi hazikutiwa maji mara moja. Kabla ya maji ya mfereji kuingia mjini, nyumba kubwa ilikuwa na kisima chake katika ua wa ndani, na vyoo vyake vilikaa pembeni, kimoja juu ya kingine, orofa kwa orofa, vikimwaga katika shimo moja lililochimbwa chini ya nyumba. Na kisima na shimo havikuwa mbalimbali, maana kiwanja chenyewe hakikuwa kikubwa. Kipindupindu kilipoingia Unguja mwaka 1869 na kuendelea hata 1870, kikaua watu kwa maelfu, alikuwapo hapa tabibu Mskochi, James Christie, ambaye alifuatilia mwendo wa maradhi hayo na baadaye akayaandikia kitabu kilichotolewa mwaka 1876. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, na ambaye kabla ya kutawala alikwisha kupelekwa uhamishoni Bombay akauona mji mkubwa wa zama zake, ndiye aliyeyavuta maji ya chemchemi za shamba kwa mabomba hata yakafika mjini. Ni yeye yule aliyeijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, na aliyewajengea watu hamamu ambayo mtaa wa Hamamni umechukua jina lake. Walioweza wakayaingiza maji hayo majumbani mwao, na visima vya uani vikaanza kuachwa: vingine vikafunikwa kwa mbao, vingine kwa jiwe, na vingine vikajazwa kifusi nusu tu.

Zikaja zama za Waingereza, na mabomba ya chuma kilichopakwa zinki yakapanda kwa nje ya kuta, yakatoboa kuingia jikoni na msalani. Yakaja Mapinduzi ya 1964, na nyumba nyingi zilizokuwa za mtu mmoja zikawa mali ya serikali na kugawiwa familia kadhaa. Ukumbi ukakatwa kwa kiambaza, na kila familia, kwa haki kabisa, ikataka mfereji wake na mahali pake pa kuogea, hata bomba moja likatiwa matawi mengi, kila tawi kwa mkono wa fundi mwingine na kwa fedha iliyokuwapo siku hiyo. Kisha, tangu miongo ya mwisho ya karne iliyopita, nyumba zikaanza kugeuzwa hoteli na nyumba za wageni, na jengo lililokuwa na msala mmoja kila orofa likatakiwa liwe na bafu katika kila chumba. Mji ukatiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na tukafurahi, na tulistahiki kufurahi. Walakini orodha ile inayasifia majengo na vichochoro na milango iliyonakishiwa, na mabomba yaliyomo ndani ya kuta hayasemi neno mpaka siku yanapopasuka.

Nimeyataja haya kwa sababu kila zama iliacha mabomba yake, na ni mara chache zama iliyofuata kuyaondoa ya iliyotangulia. Fundi anayeitwa leo kwa ajili ya unyevu wa ukuta mmoja anakutana na kazi za watu wa vizazi vinne, na asiyelijua hilo atalifuata bomba la kwanza aliloliona, ambalo huenda halina maji tangu kabla ya yeye kuzaliwa.

Katika nyumba ya jamaa yangu nilishuhudia ukuta ukifunguliwa kwa tindo na nyundo, kuanzia sakafuni hadi usawa wa kifua, kwa sababu rangi ilikuwa ikibambuka na fundi aliamini kwamba bomba limevuja mahali hapo. Bomba halikuonekana. Ukuta ukafunguliwa tena mbele kidogo, halikuonekana. Na hatimaye ikadhihirika kwamba maji yalikuwa yakitoka katika kiungo cha bomba la orofa ya juu, upande wa pili wa chumba, yakifuata boriti na kushuka mahali pengine kabisa. Fundi yule hakuwa mvivu wala mwovu, alitoka jasho mchana kutwa. Ila aliuamini unyevu kuwa unakaa ulipozaliwa, na unyevu katika nyumba ya mawe husafiri. Msiba mkubwa zaidi ukaja baadaye, pale tundu lilipozibwa kwa saruji.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, ingawa wazee miongoni mwenu wanalijua jambo hili kunishinda. Jiwe la matumbawe lina vinyweleo, na chokaa nayo ina vinyweleo; unyevu ukiingia ukutani hupata njia ya kutoka kwa kukaukia usoni mwa ukuta. Saruji huuzuia. Unyevu ukishafungwa nyuma yake hupanda juu au huenda pembeni kutafuta chokaa iliyobaki, na chumvi iliyomo katika mawe na katika mchanga wa pwani huyeyuka na kusafiri nao, kisha huganda palepale maji yanapokaukia, ikaipasua chokaa chembe kwa chembe mpaka ukuta ukawa unga wa kufagiliwa kila asubuhi. Na mahali ambapo ncha za boriti zimeingia ukutani, unyevu huo huuozesha mti na kuwaita mchwa, na boriti iliyooza ncha haionyeshi dalili yoyote katikati ya chumba hadi siku dari inapoinama. Kwa hiyo tundu lililovunjwa bila ya haja ni jeraha mara mbili: mara ya kwanza kwa tindo, na mara ya pili kwa dawa isiyo yake.

Basi kutafuta kuanze kwa kuuliza. Katika kila mtaa wapo bado watu wazima waliolelewa katika nyumba hizi kabla hazijagawanywa, ambao wanajua kisima kilikuwa pembe gani ya ua, na wapi palikuwa na birika, na mlango gani wa msala ulizibwa ukawa kabati. Bibi mmoja aliyekaa kitako juu ya jamvi anaweza kuwaokoeni siku nzima ya kazi, na wala hatataka malipo. Atataka kusalimiwa vizuri na kupewa muda wa kukumbuka. Nawasihi mwende kwao sasa, kwani elimu hiyo haikuandikwa popote, na kila mwaka tunazika sehemu yake.

Baada ya kuuliza, tumieni futi. Pimeni urefu wa chumba kwa ndani, mpime na cha pili kilicho nyuma ya ukuta uleule, kisha mpime ukumbi unaopita kando ya vyumba vyote viwili; toeni, na kinachobaki ni unene wa ukuta wa kati. Ikiwa mlangoni, ambapo unene wa ukuta huonekana wazi, mmepata sentimita 55, na hesabu ya kati inawapeni 90, basi sentimita 35 zilizozidi zina sababu yake: hapo pana uwazi, na uwazi huo yumkini ni njia ya choo cha zamani, au shubaka lililozibwa, au bomba kubwa la maji machafu lililojengewa kificho. Hesabu hii haigharimu kitu, wala haiachi alama ukutani, na bado ni mara chache nimemwona mtu akiifanya.

Mkimaliza vyumba, pandeni juu kabisa, chini ya mabati yaliyokuja kuzifunika sakafu za chokaa za zamani, mtazame vipande vya mabomba vinavyochomoza na kuishia hewani. Kila kipande kinachochomoza juu kina mwili wake chini, na mkikishushia timazi kwa nje ya ukuta mtajua kinapita mlango gani wa orofa ya kati na kinatua wapi. Vyoo vya nyumba hizi, kama nilivyosema, vilipangwa kusimamiana, kwa hiyo mkikiona kimoja mmekaribia kuviona vyote. Koki kuu nayo ina mahali pake pa mazoea: karibu na mlango wa mbele, chini ya baraza au chini ya ngazi, mahali bomba la mtaani linapoingilia; na ikiwa baraza imepigwa vigae vipya, itafuteni chini ya kigae ambacho mlio wake ukikigonga si kama wa wenzake.

Kuhusu kuvuja, usiku ndio mwalimu. Fungeni mifereji yote ya nyumba pamoja na njia ya kujazia tangi, kisha tazameni mita. Mshale ukizunguka ilhali hakuna anayetumia maji, maji yanatoka mahali baina ya mita na mifereji. Pasipo na mita, jazeni tangi la juu, mlitie alama ya chaki kwenye usawa wa maji, muifunge nyumba ilale, na alfajiri mkaangalie alama. Kisha fungeni koki moja moja, orofa kwa orofa, ili mjue tawi lipi ni mgonjwa. Na ikiwa orofa haina koki yake, hiyo yenyewe ni kazi ya kwanza ya kufanya, kwani nyumba ya orofa tatu inayofungwa kwa koki moja haiwezi kuchunguzwa wala kutibiwa. Mji ukishatulia, chukueni fimbo ya chuma, ncha moja muiweke penye bomba au ukutani na ya pili sikioni, kama tabibu anavyosikiliza kifua cha mgonjwa, na msogee hatua kwa hatua. Maji yanayopenya penye ufa chini ya nguvu ya bomba yana mlio mwembamba usiokatika, nao huzidi kadiri mnavyokaribia.

Unyevu nao usomwe kabla ya kuhukumiwa. Ule unaopanda kutoka ardhini hushika sehemu ya chini ya ukuta, aghalabu mita moja hivi, na huacha mstari wa chumvi nyeupe pale unapokomea. Ule wa mvua hukaa karibu na madirisha, na chini ya paa, na penye michirizi iliyoziba, na hupungua masika yakiisha. Ule wa bomba haujali msimu: huwa mahali popote, kwa kimo chochote, na hubaki hai katikati ya kaskazi wakati kila kitu kimekauka. Mkiukuta wa namna hiyo, msiifungue sehemu iliyo na unyevu zaidi kwa kuwa ndiyo iliyo na unyevu zaidi. Tazameni kwanza juu yake, na juu ya juu yake, na mtazame boriti zinaelekea upande gani, kwa sababu maji hushika njia ya mti kabla ya kudondoka.

Kwa mabomba yenyewe kuna sumaku. Sumaku yenye nguvu iliyofungwa kwa uzi na kupitishwa taratibu usoni mwa ukuta itavutwa na bomba la chuma ikiwa halikuzama sana, lakini haitaijali shaba, wala plastiki, wala risasi. Na hapa pana tahadhari ya afya za watoto wetu: mkikuta bomba la rangi ya kijivu iliyofifia, lililo laini hata linakwaruzika kwa sarafu na mkwaruzo wake kung'aa kama fedha mpya, na sumaku haishiki, hilo ni risasi, na maji yake yasinywewe, mwambieni mwenye nyumba siku hiyohiyo. Bomba la chuma kilichopakwa zinki, kwa upande wake, huharibika kwa ndani kabla ya nje, kutu ikajaa mpaka njia ya maji ikawa nyembamba mno. Mahali ambapo maji ya asubuhi hutoka na rangi ya chai na orofa ya juu haipati nguvu, msitafute uvujaji, tafuteni kutu.

Maji machafu hutafutwa kwa rangi. Rangi ya chakula, ile wanayotumia waoka keki, ikitiwa katika ndoo ya maji na kumwagwa katika choo au sinki, itawaonyesheni inakotokea, ikiwa ni chemba ya uchochoroni au karo la jirani au, Mungu apishe mbali, kisima. Waya wa kuzibulia nao ni kipimo: uingizeni mpaka ukwame, utieni alama mlangoni mwa tundu, uvuteni nje na kuupima, na mtajua kona ya kwanza iko umbali gani. Na mkigundua chini ya sakafu pana kisima cha zamani au karo lililosahauliwa, nawaombeni kwa jina la wake zenu na watoto wenu, asishuke mtu. Hewa iliyokaa chini ya kifuniko kwa miaka mingi huua bila ya kutoa ishara, na mara nyingi humuua wa pili aliyeshuka kumwokoa wa kwanza. Shimo hilo liachwe wazi, lizungushiwe kinga, na aitwe mwenye vyombo vya kazi hiyo.

Siku hizi ziko pia kamera zinazosoma joto, na baadhi yenu mnazo. Zina manufaa, ila haziyaoni maji wala bomba; zinaona tofauti ya joto usoni mwa ukuta tu. Ukuta wenye maji unaokaukia hewani huwa baridi kuliko ndugu yake mkavu, na hilo kamera hulionyesha vizuri; lakini bomba la maji ya kawaida lililozama katikati ya nusu mita ya mawe halitaonekana, na anayemwambia mwenye nyumba kwamba picha ile imethibitisha hakuna kitu, amesema asichokuwa na ithibati nacho. Napendelea kamera nyingine, ile ndogo iliyo kwenye ncha ya waya, ambayo huhitaji tundu la ukubwa wa kidole gumba. Tundu kama hilo lipigwe penye chokaa baina ya mawe, si katika jiwe lenyewe, na lipigwe baada ya umeme wa nyumba kuzimwa, maana waliozificha paipu zao ukutani walizificha na nyaya mumo humo. Mkiona kwa jicho kile ambacho masikio na hesabu vimekwisha kukiashiria, ndipo mfungue, na mfungue kwa kadiri ya haja; na mkifunga, mfunge kwa chokaa, muipe muda wa kukauka hata kama mwenye nyumba ana haraka.

Na tawi lisilotumika msilizibe nchani na kuliacha limejaa. Likateni pale linapoachana na bomba lililo hai, kwa sababu maji yaliyolala bombani miezi na miaka huota vijidudu, kisha hurudi polepole katika maji ambayo watu wanakunywa.

Nimefika katika ombi langu la pili, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Elimu yote hiyo ya kuuliza na kupima na kusikiliza, mkishaitumia, huzaa jambo moja la thamani kubwa, kwamba kwa siku chache ukuta huwa hauna siri. Mnajua bomba linapita wapi, linakunja wapi, na koki iko umbali gani kutoka mlangoni. Halafu lipu hupigwa, rangi hupakwa, malipo hutolewa, na ile elimu huondoka na fundi begani mwake pamoja na mfuko wa vyombo. Na baada ya miaka kumi huitwa mwingine, akaanza upya na tindo. Nyumba zetu zimebomolewa kwa usahaulifu huo zaidi ya zilivyobomolewa na maji.

Kwa hiyo naomba kila kazi iache karatasi. Haihitaji kuwa ya msanifu. Chora umbo la chumba, uchore bomba, uandike vipimo kutoka mahali pasipohama, kama pembe ya ukuta wa mawe au ukingo wa mlango, wala si kutoka kabatini au kwenye kiambaza cha mbao ambacho kesho kitaondolewa. Andika kimo kutoka sakafuni, na kina kutoka usoni mwa ukuta, na bomba ni la kitu gani na la upana gani, na mwaka. Kabla ya kuziba, piga picha kwa simu yako huku futi imenyooshwa ndani ya picha, ili atakayeitazama asilazimike kukisia. Andika pia ulichotafuta usikione, na mahali ulipokitafuta, kwa kuwa habari hiyo itamwokoa mwenzako asiupige ukuta uleule. Na koki zote zipewe vibao vya bati vyenye jina la kile zinachokifunga.

Karatasi hiyo ibaki na mwenye nyumba, na nakala yake ikae ndani ya nyumba yenyewe, karibu na mita au koki kuu, ndani ya mfuko usiopenya maji. Penye nyumba za wakfu, ambazo katika mji wetu si chache, nakala apewe mwangalizi wa wakfu, kwani wapangaji huondoka na wakfu hubaki. Na waheshimiwa wanaosimamia hifadhi ya Mji Mkongwe, ambao ndio wanaotoa vibali vya ukarabati, nawaomba kwa heshima katika barua hii hii wazipokee nakala kama hizo na kuzitunza pamoja na michoro ya kila jengo, na waone kama inafaa ramani ya maji iwe sharti la kila kibali kinachogusa jiko au msala. Nyumba zetu zimegusana kuta, na bomba la mmoja mara nyingi limepita katika ukuta wa mwingine. Atakayelitafuta siku moja si lazima awe mwenye nyumba ile.

Ninyi wenye nyumba mtakaoisoma barua isiyoandikiwa ninyi, neno langu kwenu ni fupi: lipeni siku ya kutafuta. Fundi akiwaambia kwamba kesho hatavunja bali atapima na kusikiliza, msidhani anawaibieni ujira, na msimfukuze mkamwita mwenye tindo aliye tayari kuanza asubuhi. Insafu ni kumlipa kwa ujuzi wake sawasawa na nguvu zake.

Nanyi mafundi wakuu, mlio na wanafunzi chini ya mikono yenu, nyumba ninayokaa iko tayari kwa kazi hii. Ni ya mawe, ina orofa mbili juu ya ya chini, ina unyevu katika ukuta wa ngazi ambao chanzo chake bado hakijajulikana, na uani pana jiwe la duara ambalo jirani yangu mzee anaapa kwamba chini yake pana kisima. Leteni vijana wenu wapime, wasikilize, wachore; chai na ujira wa siku vitakuwa juu yangu, na ramani watakayoitoa, wakiridhika nayo walimu wao, nitaibandika nyuma ya mlango wa mbele ili kila fundi ajaye ainakili namna ilivyoandikwa. Siku iwe baada ya masika kuisha, kuta zitakapokuwa zimekauka kiasi cha kuweza kusomwa. Mniletee jibu kwa njia yoyote iliyo nyepesi kwenu.

Wabillahi tawfiq.

Mimi mwenyeji mwenzenu,
Mji Mkongwe, Unguja